Mama Sindano, Aliyekula Polepole Dirishani

Marehemu mama yetu, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama Sindano mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti tu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa nne wa fundi viatu na mkewe, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda cha kazi cha baba yake. Bibi alizoea kusimulia kwamba uchungu ulimshika akichochea moto chini ya sufuria ya maharage, na maharage yale yakaungua yote. Ndiyo sababu, alisema bibi, mtoto huyu na jiko hawakupatana tangu siku ya kwanza. Kabla hajafikia umri wa kutumwa dukani peke yake, marehemu alikuwa ameunguza sufuria mbili na kuitoboa ya tatu kwa kuikwangua. Bibi alimnyang'anya mwiko, akamwambia, "Wewe mwanangu utaolewa na hoteli." Walikuwapo wageni, wakacheka sana. Mtaona mbele kwamba bibi hakuwa mbali na ukweli.

Ndugu zangu, najua jua ni kali na viti vya nyuma havitoshi. Nivumilieni. Kuna mzee mmoja wa familia aliyetaka wasifu huu uwe mfupi, na ili kunisaidia akaniletea wa kwake, umeshaandikwa. Wasifu huo ulisema kwamba marehemu alikuwa na mapungufu yake ya ujana, lakini familia ya mumewe ilimvumilia na kumlelea mtoto. Mtoto huyo ndiye mimi ninayesoma. Niliukunja wasifu ule mara nne nikauweka chini ya mguu wa meza yangu iliyokuwa ikiyumba. Meza imetulia. Kwa hiyo siwezi kusema haukuwa na faida. Huu mlio nao mikononi niliupeleka kwa mpiga chapa mwenyewe, nikasimama pale mpaka karatasi ya mwisho ikatoka.

Marehemu alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya kiwanda cha sabuni, akamaliza mwaka 1972. Kisha akapelekwa chuo cha ushonaji, kwa kuwa wazazi waliona kwamba msichana asiyejua kupika basi ajue kushona. Alishona kwa muda wa wiki chache. Siku moja mwalimu alirudi kutoka kunywa chai akakuta cherehani imelala juu ya gazeti, vipande vipande.

"Binti, nimekwambia ushone. Sikukwambia ufanye upasuaji!"

"Ilikuwa inakohoa, mwalimu."

Aliirudisha yote mahali pake, ikabaki skrubu moja mezani. Mwalimu akainyanyua. "Na hii?"

"Hiyo ilikuwa ya ziada."

Cherehani ile ilishona vizuri kuliko zamani, na mwalimu akaiweka skrubu mfukoni. Mwaka 1976 marehemu alipata cheti chake, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika kiwanda cha nguo, kwanza kama mshonaji, baadaye kama fundi wa mashine. Alitembea na sindano za akiba amezichoma kwenye ukosi wa koti lake kama wanajeshi wanavyovaa nishani, na jina likatoka hapo.

Waliofanya kazi katika ukumbi ule wanaujua. Mashine zilikuwa mamia, zote zikinguruma kwa pamoja, na mtu ukitaka kuongea na jirani yako ulimsoma midomo au ulimpigia kelele sikioni. Jioni kengele ilipolia, miili ilitoka langoni lakini masikio yalibaki ndani. Marehemu hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alivuka barabara na wenzake wawili hadi mgahawa mdogo uliokuwa mkabala na lango. Mmoja alikuwa dada wa kitengo cha vifungo, mnayemjua wote kwa jina la Vifungo. Wa pili alikuwa mkata vitambaa, naye ni Mkasi. Wote wawili wako hapa. Waliwekwa nyuma kabisa, karibu na gari la maji, kwa maelezo kwamba mbele ni pa ndugu. Mama Mdogo Vifungo, Mjomba Mkasi, naomba msogee. Hapa mbele nimewawekea viti viwili.

Mgahawa ule haukuwa na kitu cha kujivunia. Meza zilifunikwa plastiki ya maua iliyopauka sehemu za viwiko, viti havikufanana, na dirisha kubwa la kioo liliota ukungu kila birika lilipochemka. Watu wa kiwandani walipoingia walikuwa bado wanapiga kelele, maana hawakujisikia. Mpishi alitoa kichwa dirishani mwa jiko akasema, "Viziwi wangu wameshafika!" Waliagiza kwa kelele na kusalimiana kwa kelele. Kikombe cha kwanza kilipofika nusu sauti zilianza kushuka, na cha pili kilipoletwa walikuwa wanaongea kama watu wengine. Marehemu alivua viatu chini ya meza, akachana mkate kwa vidole, akauchovya kwenye supu, akala bila haraka yoyote. Aliwahi kuniambia, "Chakula cha nyumbani kina kazi mbele yake na kazi nyuma yake. Hiki hakina. Hiki ni chakula tu."

Meza yao ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, mashine hazitajwi. Ya pili, anayefika mwisho haagizi, anaagiziwa na waliotangulia, naye atakula atakacholetewa. Wenyewe walisema mtu hajui anachohitaji baada ya kazi. Wenzake wanaomtazama ndio wanaojua.

Sheria hiyo ndiyo iliyomwoza marehemu. Dereva wa gari la kiwanda alianza kukaa nao, na kila siku alikuwa wa mwisho kwa sababu lazima alirudishe gari na kukabidhi funguo. Wakawa wanamwagizia. Siku moja zamu ya kuagiza ilikuwa ya marehemu, akaagiza supu, akamnong'oneza mpishi asione huruma na pilipili. Dereva alikula mpaka mwisho huku jasho likimdondoka puani.

"Dada," akamwuliza, "umenikasirikia au umenipenda?"

"Maliza kwanza."

"Nimemaliza."

"Basi kesho nitakuagizia mayai."

Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984. Baada ya sherehe, maharusi walivuka barabara wakanywa chai mezani pao, bibi harusi akiwa peku na shela limetundikwa kwenye msumari wa kalenda. Mimi nilizaliwa mwaka 1987. Nilijifunza kutembea nikishika miguu ya viti vya mgahawa ule, na baba alipenda kunilisha mayai yake, yaliyokaangwa mpaka yakawa magumu kama soli. Ndivyo alivyoyataka, na mpishi aliona ni dhambi lakini alimkaangia.

Baba alifariki kwa ajali ya barabarani tarehe 3 Juni 1994.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo wasifu ule mwingine uliporuka mstari, na wapo ndugu waliokaa chini ya turubai hili ambao miaka yote hii wameishi wakiamini kisichokuwapo.

Baada ya mazishi marehemu alikaa ndani, kisha likizo ikaisha akarudi kazini. Jioni ya siku hiyo miguu ilikuwa mizito, akavuka barabara akiwa wa mwisho. Wenzake walikuwa wameshamwagizia supu. Lakini mhudumu, kwa mazoea tu ya mikono, aliweka mezani sahani nyingine: mayai yaliyokauka kama soli. Aligundua kosa lake akasimama pale pale, trei kifuani, hawezi kuiondoa sahani wala kuiacha. Ndipo Mkasi akasema, "Hata leo huyu bwana amechelewa."

Marehemu akacheka. Alicheka akalia, akaegemea bega la Vifungo, akacheka tena na machozi yanaingia kinywani. Aliyekuwa ndani ya mgahawa aliona machozi. Aliyekuwa nje ya kioo, na ukungu ule, aliona meno.

Aliyekuwa nje ya kioo alikuwa kaka mkubwa wa baba, Baba Mkubwa wetu, akitoka ofisini kwake. Hakuingia. Hakuuliza. Alikwenda kuitisha kikao.

Kikao kilikaa sebuleni kwake, kwenye makochi yale yenye vitambaa vyeupe ambavyo mtu huogopa kuviegemea. Baba Mkubwa alisema, "Mdogo wangu hajapoa ardhini, mjane yuko hotelini na wanaume, anacheka. Nimeona kwa macho yangu. Nyumba isiyo na jiko haiwezi kulea damu yetu." Kisha akamgeukia marehemu. "Shemeji, ulicheka au hukucheka?"

"Nilicheka."

"Mmesikia wenyewe."

Nilimwuliza mama baadaye kwa nini hakueleza habari ya sahani. Alisema, "Sahani ya mume wangu niiweke mbele ya watu walioshaamua? Waitemee mate?" Nilichukuliwa siku hiyo hiyo, na nguo zangu kwenye mfuko wa saruji. Marehemu alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii, wakamwambia mambo ya familia yamalizwe na familia. Akaruhusiwa kunitembelea Jumapili, pale pale sebuleni, mlango ukiwa wazi, na Baba Mkubwa akisoma gazeti ambalo halikugeuzwa ukurasa.

Nitasema haki yake: kwake sikulala njaa. Chakula kilikuwapo, tena cha kutosha. Yeye alikula kwanza peke yake, halafu wengine tukala kimya, na mtoto aliyecheka mezani alimalizia chakula chake uani amesimama. Nilimaliza vyakula vingi uani.

Watu wengi walimjua marehemu kuwa mpole. Alikuwa mpole. Lakini alikuwa na kinyongo kilichonyooka na chenye ncha, kama zile sindano zake, na hakuona aibu nacho. Wiki ile niliyochukuliwa aliwaomba wenzake wahame kutoka meza ya pembeni waliyoizoea, wakakae ile iliyogusana na kioo. Kila jioni Baba Mkubwa alipotoka ofisini alimkuta pale. Marehemu hakumtazama kwa hasira. Alimwinamishia kichwa kwa heshima zote, "Shikamoo, shemeji," nyuma ya kioo, kisha akachana mkate, akauchovya, akala polepole. Vifungo alimwuliza kama chakula kinapita kooni kweli mtoto akiwa kwa watu.

"Hakipiti," alisema marehemu. "Nakisukuma. Aone napata chakula. Aone bado nina watu. Siku akiona nimekonda atasema alifanya vyema."

Baba Mkubwa alivumilia kwa muda, kisha akabadili njia. Akaanza kupita nyuma ya soko, kwenye uchochoro wa maji machafu, mzunguko mkubwa usio na maana. Majirani walidhani daktari amemshauri atembee. Viatu vyake vilirudi nyumbani vimejaa tope, na aliyekuwa akivifuta ni mimi. Nilivifuta miaka yote ile nikijiuliza ofisi gani hiyo yenye tope wakati wa kiangazi. Ningejua, ningevifuta nikiimba.

Mwaka 2000, siku nilipomaliza mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, sikurudi kwa Baba Mkubwa. Niliuliza njia nikafika mgahawani na sare yangu. Walikuwa ndio kwanza wameingia, kelele tupu. Mama aliniona mlangoni. Hakuinuka. Alisema kwa sauti iliyojaa chumba, "UMEKULA?"

"Bado."

"KETI!"

Sikuwa nimemaliza hata nusu ya mkate Baba Mkubwa alipotokea, na viatu safi, maana siku hiyo alipita barabara kubwa kwa haraka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia ndani. Alisimama mbele ya meza, akasema kwa sauti ya chini, ile ya watu wenye heshima zao, "Nimekuja kumchukua mtoto."

Mama akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Sikusikii, shemeji. Masikio yangu bado yako kiwandani. Paza sauti."

"Nimesema, nimekuja kumchukua mtoto."

"Mkasi, wewe umesikia?"

"Mimi naona midomo tu," akasema Mkasi.

"NIMEKUJA KUMCHUKUA MTOTO!"

Uma zikasimama hewani. Mpishi akatoa kichwa.

"Ahaa. Mtoto wa nani?"

"WA NDUGU YANGU!"

"Aliyezaliwa na nani? Sema tu, shemeji, hapa wote ni watu wazima."

Baba Mkubwa alitoa leso akajifuta shingo. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka.

"Basi niambie lingine. Ulimchukua kwangu kwa kosa gani? Mimi kiziwi, nisaidie."

Na Baba Mkubwa, ambaye hasira ilishamtangulia, akapiga kelele mbele ya wapishi, washonaji na wapita njia waliokusanyika kwenye kioo: "KWA SABABU ULICHEKA!"

Alijisikia mwenyewe. Niliona uso wake ukijisikia. Mahali fulani nyuma mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa aliuliza, kwa upole kabisa, "Alicheka tu?" Baba Mkubwa akageuka, akatoka. Mfuko wangu uliletwa kesho yake na mtu wa kutumwa.

Kuanzia hapo nililelewa na mama yangu, chumba kimoja, jiko baridi, na supu ya mgahawani kila jioni. Nimekua, nimesoma, nina afya. Wanaotaka kujua kama jiko baridi hulea, waniangalie.

Marehemu alistaafu mwaka 2013, akaendelea kuvuka barabara ile ile kila jioni kama aliye kazini. Vumbi la nyuzi alilolivuta miaka yote likaanza kudai mapafu yake. Alilazwa mwezi wa Januari mwaka huu. Vifungo alimletea supu kwenye chupa ya chai, na mama alilalamika kwamba haina kelele za kutosha.

Baba Mkubwa naye alikuja wodini, akiwa na wazee wawili wa familia na mfuko wa machungwa. Alisema, "Shemeji, tumetoka mbali. Tusameheane."

Mama akamwuliza, "Mimi nimekukosea nini?"

"Hilo ni neno la kawaida tu, shemeji. Watu husema hivyo."

"Basi sema la kwako lisilo la kawaida. Hawa wazee walikuwapo kwenye kikao. Waambie siku ile uliona nini na hukuona nini. Ukisema mbele yao, nimekwisha kukusamehe."

Baba Mkubwa aliwatazama wazee. Kisha akasema daktari amekataza mgonjwa achoshwe, akaaga. Wazee wakamfuata. Mama akaniomba nimmenyee chungwa.

"Utakula machungwa yake?"

"Machungwa yana kosa gani?"

Akiwa anakula aliniambia nitakachosoma leo. Nilikuwa na maneno makali, nikamsomea baadhi. Akatikisa kichwa. "Usimtukane. Ukimtukana atakasirika, na watu watamwonea huruma. Wewe msimulie tu. Polepole. Akiwa amekaa mbele." Alifariki alfajiri ya tarehe 21 Februari 2024, mimi nikiwa nimemshika mkono, Vifungo amemshika mwingine.

Marehemu ameacha binti mmoja, mkwe mmoja na wajukuu wawili, ambao hucheka mezani wapendavyo. Ameacha dada yake mkubwa. Ameacha Vifungo na Mkasi, ambao kamati ilitaka wasitajwe kwa kuwa si ndugu, nimewataja. Ameacha shemeji mmoja. Katika ule wasifu mwingine iliandikwa "shemeji na mlezi". Neno mlezi nimelifuta. Shemeji nimeliacha, kwa sababu hilo ni kweli.

Ratiba inaonyesha kwamba baada yangu atazungumza Baba Mkubwa, kwa niaba ya familia, kabla ya jeneza kushushwa. Wengine mmeniuliza pembeni kama ni kosa la mpiga chapa. Si kosa. Mama mwenyewe ndiye aliyeomba apewe nafasi hiyo na kipaza sauti, na asikatishwe. Hatuna haraka. Maji yapo, kivuli kinakuja upande huu, na wachimbaji wamekubali kusubiri. Tutamlaza Mama Sindano baada ya Baba Mkubwa kuwaeleza ndugu zake, kwa kinywa chake, kwamba mwanamke huyu hakumcheka mumewe.

Mungu ampokee mama yetu, na mwili wake upumzike kwa amani.

Baba Mkubwa, karibu. Simama.